Fremu ya titani: ninunue Leeds nije nayo Dodoma?

Kutoka: Mjukuu wa Kongwa, Leeds

Mbukwenyi wote. Wakubwa shikamooni.

Leo swali langu si la viza wala la kutuma hela, mtanivumilia. Nina mwaka wa sita huku, na hii miwili ya mwisho nimenogewa na baiskeli za milimani. Siku zisizo za zamu tunakwenda na wenzangu wa wodini upande wa Hebden Bridge, mara mojamoja Peak District. Njia zenyewe ni mawe, mizizi na tope, unashuka huku unasali. Baiskeli yangu ya alumini imechoka. Sasa nataka fremu tupu isiyo na shoku nyuma, niijenge mwenyewe polepole kila mshahara ukitoka.

Kuna mtu anauza ya titani, imetumika, pauni 900. Baada ya miaka miwili narudi nyumbani moja kwa moja na nataka nije nayo Dodoma. Wapo wanaoniambia titani ni fremu ya kuzikwa nayo, wapo wanaonicheka. Halafu kazini kuna ule mpango wa kukatwa mshahara ili upate baiskeli. Naweza kuutumia hapa?

Kutoka: Mzee wa Columbus, Ohio

Mwanangu, marahaba. Nunua chuma. Chuma kikipasuka Majengo unakichomelea kabla chai haijapoa. Titani ikipasuka utaitundika ukutani kama pembe za swala. Pauni 900 kwa mabomba manne!

Kutoka: Kaka wa Ipagala, Dodoma

Dada, mbukwa. Mzee, shikamoo, nitakupinga mahali pamoja tu.

Mimi nilirudi Dodoma na fremu ya titani baada ya miaka yangu ya Uingereza, na mpaka leo naiendesha kwenye vilima vya nyuma ya Chimwaga. Kabla ya kuuliza titani au chuma, jiulize hiyo fremu italala wapi. Sifa kubwa ya titani ni kutoshika kutu. Huko Leeds sifa hiyo ina bei yake: mvua, tope, na chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi. Hapa kwetu mvua inaanza kama Desemba na ikipita Aprili ndiyo basi tena, na miezi inayobaki hata msumari uliotupwa uani unachelewa kupata kutu. Ungeniambia unainunua kwa ajili ya Dodoma peke yake ningekwambia hela hiyo ipeleke kwenye magurudumu. Lakini bado una baridi mbili za Yorkshire mbele yako, kwa hiyo tuendelee.

Titani ni nyepesi, kama gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati chuma ni 7.8. Ila pia inanepa. Bomba la titani lenye vipimo vilevile na la chuma lina ukakamavu wa karibu nusu, ndiyo maana mabomba ya titani hutengenezwa mapana zaidi. Fremu nyingi ni titani iliyochanganywa na alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Muuzaji akianza kukusifia "madini ya ndege", mwache amalize halafu muulize vipimo. Hayo maneno kwamba titani inalainisha njia nayo yametiwa chumvi. Tairi la inchi 2.5 lisilojazwa upepo mwingi linalainisha njia kuliko madini yoyote yale.

Kwenye mawe, kinachokuangusha au kukuokoa ni pembe za fremu. Tazama kwanza pembe ya shingo, pale inapoingia foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Baiskeli isiyo na shoku nyuma ina tabia yake: ukiipanda, mbele inazama na nyuma haizami, kwa hiyo shingo inasimama wima zaidi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi. Foku ya milimita 140, yaani inayoweza kuzama kiasi hicho, ikizama kwa uzito wako inakula nyuzi (digrii) moja na nusu, pengine karibu mbili. Fremu iliyoandikwa nyuzi 67 ukiwa juu yake ni karibu 69, na hiyo kwenye mteremko wa mawe inakurusha mbele juu ya usukani. Mimi nisingechukua chochote kinachozidi 66, na 65 ningeifurahia. Fremu nyingi za titani zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni za miaka ya nyuma, zilitengenezwa kwa foku ya milimita 100 na shingo ya nyuzi 69 au 70. Madini bado mazima kabisa, ila umbo ni la kwenda sokoni. Na usidhani utairekebisha kwa kuweka foku ndefu. Kila milimita 20 zinakupa kama nyuzi moja tu, bomba la kiti nalo linalala nyuma, na unailemea shingo kuliko ilivyopimiwa.

Pembe ya bomba la kiti nataka 75 au zaidi, vinginevyo ukipanda kilima gurudumu la mbele linainuka. Bomba lenyewe liwe fupi na lililonyooka ili siti ya kushuka kwa kitufe iingie yote. Kwenye njia za mawe siti ya namna hiyo si anasa, mimi ningeinunua kabla ya gia nzuri.

Sasa vipimo vya kuunganishia vifaa, na hapa ndipo Dodoma inapoingia. Nyuma, pale gurudumu linapoingia, upana uwe milimita 148 kwa mhimili wa milimita 12. Zile za 135 na 142 utahangaika kutafuta magurudumu. Pale pedeli zinapozungukia pawe na uzi wa kufunga, upana milimita 73, si beringi za kushindiliwa. Zilizoshindiliwa vumbi letu likiingia zinalia kama kitanda cha kamba, na fundi wa hapa hana kifaa cha kuzitoa zaidi ya nyundo. Kile kipande kinachoshikilia kibadilisha gia nacho, ukikuta fremu inapokea cha aina ya UDH, kilichoanzishwa na kampuni ya vifaa vya baiskeli ya SRAM mwaka 2019, ni heri, maana kimeenea kwenye chapa nyingi. Nunua viwili uje navyo, ni vidogo kuliko kiganja.

Matairi. Fundi aliye chini ya mwarobaini hapa ana tyubu za 26 na za 28, basi. Usidanganyike kwamba 28 na 29, ile ya baiskeli za milimani, ni jirani. Rimu ya 28 ya Foniksi ni milimita 635, ya 29 ni 622, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Tyubu yake ukibanwa unaweza kuivutia humo ndani ikufikishe nyumbani, nimefanya. Wala tyubu si jawabu la kudumu kwa sababu ya mbigili. Wewe wa Kongwa huhitaji kuelezwa mbigili. Weka tairi lisilo na tyubu, mimina ndani maji ya kuzibia, na hakikisha fremu ina nafasi ya tairi la 2.5 nyuma pande zote mbili. Hapa juu ya majabali kuna changarawe ya mawe yaliyomomonyoka, ukiikanyaga ni kama umekanyaga mtama ulioanikwa sakafuni. Tairi jembamba linakwenda linakotaka lenyewe.

Breki pia, ingawa hukuuliza. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na hapa sijayaona dukani. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki za magari, ambayo kila duka la spea za magari linayo. Soma kifuniko cha kitenki na usichanganye kamwe, mpira wa ndani utavimba. Mimi nilikuja na za mafuta ya madini na chupa moja. Chupa ilipokwisha nikasubiri miezi mitatu mtu aje na nyingine kwenye begi.

Mzee anasema titani ikipasuka imekufa. Kwa hapa Dodoma ni kweli tupu, titani huchomelewa huku gesi ya agoni ikiifunika nje na kujazwa ndani ya bomba, maana hewa ikigusa sehemu ya moto inaifanya iwe kavu na kuvunjika. Ninapompinga ni kwamba titani haipasuki ovyo kama imechomelewa vizuri, na hilo unaweza kulikagua kwa macho. Mwambie muuzaji akuache uifute kwa kitambaa chenye spiriti, uje na tochi. Angalia nyuma ya shingo chini, mahali bomba la kiti linapokutana na la juu, na nyuma ya pedeli. Ufa unaonekana kama unywele mweusi kando ya mshono. Mshono wenyewe uwe wa rangi ya fedha au njano ya majani makavu. Ukiwa wa bluu iliyokolea, kijivu au mweupe kama unga, hewa iliingia, rudi nyumbani. Andika namba ya fremu na uitafute BikeRegister, daftari la mtandaoni la baiskeli za huko Uingereza, usije ukanunua mali ya wizi. Na uliza dhamana, kwa kuwa nyingi ni za mnunuzi wa kwanza tu.

Kosa langu mwenyewe sasa. Nguzo yangu ya siti ilikuwa ya alumini. Niliiingiza kavu, nikaiacha baridi mbili za Uingereza bila kuitoa. Alumini na titani zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga wake unajaza bomba na kushika kama saruji. Nilikuja kugundua hapa nilipotaka kuishusha siti. Fundi mmoja alining'inia nayo, wa pili akaipasha moto, wa tatu aliikata kutoka ndani kwa msumeno wa chuma, siku mbili, akiimba. Paka grisi ya kuzuia kuganda, ile yenye shaba, kwenye kila uzi na kila nguzo, na uitoe kila baada ya miezi michache.

Mpango wa kazini: ule ni wa baiskeli kamili na vifaa vya usalama, fremu tupu kwa kawaida haimo. Na mpaka umalize na kukabidhiwa umiliki, wewe ni mpangaji tu, kwa hiyo usije ukaipandisha ndege.

Kutoka: Mzee wa Columbus, Ohio

Marahaba. Habari ya msumeno umeitoa wewe, si mimi.

Kutoka: Mjukuu wa Kongwa, Leeds

Kaka, nimecheka mpaka mgonjwa akaniuliza kulikoni.

Jana nilikwenda kuiona. Mishono safi, hakuna ufa niliouona. Nyuma ni 142. Shingo ameniambia 68 kwa foku ya 120. Pedeli zina uzi. Nguzo ya siti haitoki, anasema "imekaza kidogo tu".

Huyohuyo ana rafiki anayeuza ya chuma: 148, shingo 65 kwa foku ya 140, kiti 76, pauni 350. Ina kutu kidogo chini ya pedeli.

Kutoka: Kaka wa Ipagala, Dodoma

Ya titani iache hapohapo ilipo, na hiyo nguzo yake. Mzee ashangilie.

Ya chuma, vua pedeli uchungulie ndani ya mabomba kwa tochi. Kutu ya juujuu unaisugua, unapulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani na kuigeuzageuza ili yaenee. Kutu inayobanduka kama magamba, usinunue. Pauni 550 utakazobakiza ni foku na siti ya kushuka.

Wakati wa kufunga mzigo, weka kipande cha mbao au mhimili wenyewe nyuma, pale gurudumu linapoingia, ili pande mbili zisibinywe. Yangu nilipanda nayo basi kutoka Dar, na Morogoro wakapakia mikungu ya ndizi juu ya boksi. Fremu tupu ni kama kilo 3 tu, lakini boksi lake linavuka ule ukubwa wa sentimita 158 (urefu, upana na kimo vikijumlishwa) wa mizigo ya kawaida, piga simu kwa shirika la ndege kabla hujalipia tiketi. Risiti ya kununulia usiitupe, forodhani wakiuliza thamani utakuwa na cha kuonyesha.

Unavaa saizi gani ya helmeti? Kuna binti wa dada yangu hapa anaanza, na za duka la hapa zinamcheza kichwani. Nitakurudishia hela yako.