Mtoto wa miezi 13 hamwachii mama mlangoni, tufanyeje?

MleziWete: Assalaam alaykum. Kituoni tuna watoto 12 wa chini ya miaka miwili na walezi watatu. Kila wiki tunabadilishana watoto ili wasimzoee mmoja. Huyu leo siku ya nane, analia kwa kwikwi, uji hagusi. Mama huondoka kimyakimya mtoto akishashughulishwa na vitu vya kuchezea. Tunakosea wapi?

BiMikarafuu: Waalaykum salaam. Hapo kwenye kubadilishana. Umri huo ndio mtoto anashika mtu wake; mkimbadilishia kila wiki anaanza upya. Kila mlezi apewe wanne, wale wale: awalishe yeye, awabadilishe nepi yeye, awalaze yeye. Kumzoea mmoja si kudeka. Mtoto mwenye mtu wa kukimbilia ndiye anayethubutu kwenda kucheza mbali. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliliona hilo kwa watoto wa Uganda mwaka 1954 na 1955.

Na nepi isiwe kazi ya haraka. Mwambie kwanza "nakuinua", msubiri akutazame. Kumnyanyua kwa nyuma huku unazungumza na mwenzio kunamshtua.

Ukutani_Chake: Mama asimtoroke tena, tafadhalini. Mtoto asiyejua mama atapotea saa ngapi hathubutu kumpa kisogo. Anzeni upya, kama wafanyavyo vituo vingi Ujerumani: siku tatu mama akae naye kama saa moja, atulie mkekani, mlezi ndiye asogee. Siku ya nne aage kwa maneno mafupi, yale yale kila siku, atoke, asizidi nusu saa. Ikiangukia Jumatatu, ngojeni Jumanne. Mlezi ampakate, asipotulia baada ya dakika chache, mama arudi, na msijaribu tena kwa siku mbili tatu.

Mama aache kanga aliyolala nayo, isifuliwe. Huyu wa miezi 13 ataishika akilala. Wa chini ya mwaka msimwachie nguo kitandani, inaweza kumziba pumzi.

MleziWete: Ahsanteni sana. Na akimwona mama jioni akaangua kilio?

BiMikarafuu: Mwacheni alie, amepata pa kulilia. Mchungeni zaidi yule anayenyamaza siku ya pili tu, akakaa pembeni na kipande cha boflo mkononi, hakitii mdomoni.