Mafundi wa muziki wa gari, betri ya pili bila fyuzi mbili ni moto! Acheni!

Wakuu, hili limezidi. Ukifungua buti za magari yenye muziki mkubwa unakuta mambo yale yale: betri ya pili imekaa nyuma, waya mwekundu umepitishwa chini ya kapeti mpaka kwenye injini, na fyuzi ni moja tu, ya mbele. Mengine hayana hata hiyo moja. Na mteja kashalipia kazi kamili.

Fundi akiulizwa, jibu ni "ya mbele inatosha". Haitoshi! Waya huo una betri huku na huku. Ukichubuka chini ya kiti na kugusa bodi, fyuzi ya mbele itakatika na kuizuia betri ya mbele tu. Ya nyuma itaendelea kumwaga mamia ya ampia kwenye hiyo shoti mpaka shaba iwe nyekundu na kapeti lishike moto. Fyuzi ziwe mbili, kila moja isipite sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri yake, kwa sababu kipande kilichopo kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu chochote.

Tena fyuzi inalinda waya, hailindi amplifaya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 25 unawekewa ampia 150, wa 50 unawekewa 250 hadi 300. Anayeweka fyuzi ya 300 kwenye waya wa 16 eti isikatike ovyo, huyo hajaweka fyuzi.

Waya wenyewe nao ni wizi. Unauziwa mnene, mwepesi mkononi, ukikwangua uzi mmoja kwa wembe ndani unakuta weupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo unabeba kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Na hata shaba halisi ikiwa nyembamba haifai. Waya wa milimita za mraba 10 wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampia 100, unapoteza karibu volti 0.86, yaani wati 86 za joto zinachemka chini ya kapeti. Wa 25 unapoteza 0.34.

Pale unapopenya kwenye bati kutoka kwenye injini, tundu livishwe raba. Bati tupu linakata plastiki taratibu kila gari likitikisika, na mwanzo wa shoti nyingi ni hapo.

Betri zinaungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukizifuatanisha unapata volti 24 na unaunguza redio na kompyuta ya gari. Katikati iwepo relei (swichi ya umeme) inayosoma volti: inaunga kwenye 13.3 hivi altaneta (jenereta ya gari) ikichaji, inaachia kwenye 12.8 hivi. Bila hiyo, muziki ukipigwa gari limezimwa betri zote mbili zinaisha na asubuhi halitawaka. Relei ya starta isitumike, imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache tu.

Betri ya maji isikae ndani na abiria, ikichaji inatoa haidrojeni. Chukua AGM (betri iliyozibwa, asidi yake imenyonywa na mkeka ndani), na ifungwe kwa bolti, siyo kamba.

Na acheni kuwaambia watu betri ya pili inaongeza umeme! Inatunza tu. Amplifaya ya wati 1000 halisi ikifunguliwa yote inavuta karibu ampia 100, na altaneta ya gari dogo kama IST au Vitz kwa kawaida haizidi hapo, wakati taa na injini navyo vinahitaji.

Pale waya wa hasi wa nyuma unapofungwa kwenye bodi, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, na waya huo uwe mnene sawa na wa chanya. Bolti ya mkanda wa kiti isitumike kufungia waya huo. Kabla ya kushika chochote, hasi ya betri ya mbele inatolewa kwanza na kurudishwa mwisho.

Mteja, usitoe pesa kabla ya kupima. Injini ikiwaka na muziki ukiwa juu, weka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma. Ikizidi volti 0.5, kuna waya mwembamba au kiungo kimelegea. Fundi afungue tena mbele yako, na akuoneshe fyuzi zote mbili kwa macho yako.