Miezi saba jeshini: je, ni haki nilipwe fidia ya kila mwezi?

Kuruta wa Texas

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Texas, na niliingia jeshi la Marekani nikiwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa mkataba wa miaka minne. Nilitumikia miezi saba tu. Katika mwezi wa tano niliumia goti vibaya nikishuka ukuta wa mazoezi na mzigo mgongoni, nikafanyiwa upasuaji, na hatimaye nikaachishwa kwa heshima kwa sababu za kiafya. Sikuvuka bahari, wala sikuwahi kusikia risasi isipokuwa za kulenga shabaha.

Sasa naambiwa kwamba naweza kuomba fidia ya ulemavu ya kila mwezi, na hata kusomeshwa chuo. Binamu yangu alimaliza miaka yake minne, akapelekwa ng'ambo, akarudi mzima, na halipwi chochote kwa mwezi. Juzi kwenye harusi aliniambia mbele ya watu kwamba ninataka kula jasho la wenzangu, nami nikakosa jibu. Je, sheria inasema hivyo kweli, na kama inasema hivyo, ni haki?

Mzee wa Kombania

Marahaba, kijana wangu. Nilitumikia miaka 22, kwa hiyo nitasema bila kuficha kwamba zamani nilifikiri kama binamu yako.

Sheria ipo. Kwa walioingia jeshini baada ya Septemba 7, 1980, mafao mengi, yakiwemo matibabu, humtaka mtu awe ametumikia miezi 24 mfululizo au kipindi chote alichoitiwa. Hata hivyo, aliyeachishwa kwa ulemavu uliotokana na utumishi hafungwi na kipimo hicho, na fidia yenyewe haina idadi ya chini ya siku. Hapo ndipo binamu yako anapochanganya mambo mawili: pensheni ninayopokea mimi ni malipo ya miaka yangu, lakini fidia ni malipo ya goti lako. Goti halijui kama limevunjika siku ya tisini au mwaka wa tisa.

Kinachonisumbua ni masomo. Katika GI Bill, yaani mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshini, ile ya waliotumikia baada ya Septemba 10, 2001, asilimia 100 ya mafao hupatikana kwa miezi 36 ya utumishi, na mwenye siku 90 huanzia asilimia 50. Lakini aliyetumikia siku 30 mfululizo na akaachishwa kwa ulemavu wa kazini hupewa asilimia 100 moja kwa moja. Mtu aliyetumikia miezi 35 bila jeraha anabaki chini ya kuruta. Naelewa kwamba aliyeumia amefungiwa njia ya kumaliza mkataba wake, lakini moyo wangu bado haujatulia juu ya hilo.

Dada Msaidizi

Mzee, shikamoo. Ninawasaidia watu kuandaa maombi haya, na ningependa kuongeza jambo ambalo kuruta wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ugomvi mkubwa kwa waliotumikia muda mfupi hauhusu idadi ya miezi. Unahusu madai kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya kuapishwa. Sheria humchukulia mtu kuwa alikuwa mzima alipopokelewa, isipokuwa kwa kasoro zilizoandikwa katika uchunguzi wa kuingia. Kwa kasoro isiyoandikwa, serikali ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwa ushahidi usio na shaka kwamba ilikuwapo, na pia kwamba utumishi haukuizidisha.

Ukiomba ndani ya mwaka mmoja tangu uachishwe, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku iliyofuata kuachishwa kwako; ukipitisha mwaka, kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ulipoomba. Wala usimlipe mtu. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa ombi la kwanza, na kaunti nyingi zina afisa anayefanya kazi hiyo bure.

Askari wa Wikiendi

Mwenye malalamiko ya haki ni mimi. Nimetumikia miaka mitano katika Gadi ya Taifa, yaani jeshi la akiba la jimbo, wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, na kikosi changu hakijaitwa kwenda popote. Nikiondoka leo bila jeraha, kwa mafao mengi sihesabiwi kuwa mwanajeshi wa zamani. Nikifikisha miaka sita nitapata haki ya mkopo wa nyumba. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kuwaheshimu kwa jina hilo waliotumikia miaka 20 katika akiba, jina tu, bila mafao mapya. Sikuonei wivu goti lako, ndugu yangu. Nasema tu kwamba aliyeketi kwenye utayari kwa miaka naye ametoa kitu.

Kuruta wa Texas

Nawashukuru nyote. Dada, umenitia hofu kidogo. Katika fomu ya kuingia niliandika mwenyewe kwamba niliwahi kuteguka goti hilohilo nikicheza mpira shuleni Moshi. Je, nimejifunga?

Dada Msaidizi

Hujajifunga. Historia uliyoieleza mwenyewe haitoshi peke yake kuhesabiwa kuwa kasoro iliyoandikwa; kinachotazamwa ni kile daktari alichokikuta siku ile. Na hata kama aliandika kasoro, bado unaweza kudai kwamba utumishi uliizidisha, na upasuaji wa mwezi wa tano ni ushahidi mzuri wa hilo. Omba nakala ya uchunguzi wako wa kuingia pamoja na faili la hospitali kabla hujatia saini chochote, kisha mpelekee afisa wa kaunti vyote viwili kwa pamoja.