Mjadala: Vijiji vya Uingereza karne ya 19, watu walihama kwa hiari au walibomolewa nyumba?

Mleta mada:
Wanajamvi, hoja hii bado inawagawa wanahistoria, nami nina upande wangu.

Tumezoea kufundishwa kwamba viwanda vilifunguliwa Manchester na kwingineko, watu wa mashambani wakafuata mishahara, vijiji vikapungua. Ni kweli Uingereza na Wales zilikuwa na watu kama milioni 8.9 mwaka 1801 na milioni 32.5 mwaka 1901. Ni kweli pia kwamba parokia nyingi za mashambani (maeneo madogo ya kanisa yaliyokuwa pia ngazi ya chini ya utawala) zilifikia kilele cha idadi ya watu karibu na 1851, kisha zikaanza kushuka. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni juu ya nyumba. Tangu 1801 sensa za nchi hiyo zilihesabu nyumba zenye watu na nyumba tupu. Mtu akihama kwa hiari, nyumba yake hubaki imesimama. Sasa tazameni alichokikuta Dkt. Henry Julian Hunter, aliyekagua makazi ya vibarua kwa niaba ya serikali miaka ya 1860. Katika parokia na vitongoji 821, kati ya 1851 na 1861, watu waliongezeka kwa asilimia 5 na theluthi, huku nafasi ya kuishi ikipungua kwa asilimia 4 na nusu. Watu wanazidi, nyumba zinabomolewa! Kati ya nyumba 5,375 alizochunguza, 2,195 zilikuwa na chumba kimoja tu cha kulala. Baba, mama, watoto wakubwa wa kike na wa kiume, na mgonjwa wa homa akiwepo, wote humo.

Chanzo ni sheria. Kila parokia ililipia maskini wake yenyewe. Hata sheria ya 1834, iliyokusanya parokia jirani katika miungano yenye nyumba za pamoja za kuwaweka maskini wasiojiweza, iliacha gharama ya kila maskini kwa parokia yake. Pale ambapo bwana mmoja alimiliki ardhi yote, kila nyumba ya kibarua ilikuwa na familia ambayo siku moja, uzeeni au wakati wa baridi kazi zikikosekana, ingeomba msaada, na kodi ya kuwasaidia ingetoka kwake na kwa wapangaji wake wa mashamba. Akiibomoa nyumba, mzigo unahamia kwa jirani. Kibarua akalazimika kupanga chumba kibovu cha bei kali katika parokia yenye wamiliki wengi wadogo, kama Castle Acre kule Norfolk, kisha kila alfajiri atembee maili kadhaa kwenda kumlimia mtu yuleyule aliyemnyima pa kulala. Castle Acre ilijulikana kwa magenge ya kazi ya wanawake na watoto waliopelekwa hivyo mashambani. Bunge lilisubiri hadi 1867 kukataza watoto wa chini ya miaka 8 kwenye magenge hayo.

Kwangu mimi huo ulikuwa ufukuzaji. Karibuni.

Mwalimu wa Historia:
Mkuu, hizo 821 ni parokia ambazo tayari zilionekana kupoteza nyumba. Nchi nzima ilikuwa na parokia na vitongoji zaidi ya 10,000. Utafiti wa miaka ya 1980 kuhusu magharibi ya Norfolk ulionyesha kwamba huwezi kuzigawa parokia mafungu mawili tu, za bwana mmoja na za wamiliki wengi. Nyingi zilikuwa katikati. Wapo pia mabwana waliojenga: Duke wa Bedford, mmoja wa wenye ardhi kubwa, aliwajengea vibarua wake nyumba nzuri za matofali. Usiwapakaze wote.

Mleta mada:
Mwalimu, la idadi nalikubali, 821 si nchi nzima. Lakini hapohapo ndipo watu walipoongezeka, kwa hiyo huwezi kusema nyumba zilibomolewa kwa kukosa wapangaji. Na kama madhara yalikuwa madogo, kwa nini Bunge lililojaa wenye ardhi lilipitisha sheria ya 1865 ya kuhamisha gharama za maskini kutoka parokia kwenda kwenye muungano mzima?

Mjukuu wa Mkulima:
Mnabishana juu ya miaka tofauti. Kabla ya 1865 namuunga mkono mleta mada. Baada ya hapo ngano ya Marekani iliingia, bei ikaporomoka, na wenye mashamba wakapunguza vibarua. Ila msisahau ujira. Katika kijiji cha Tolpuddle, Dorset, mwanzoni mwa miaka ya 1830, ujira ulishuka kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 7, wakatishiwa 6. Wanaume 6 waliounda chama cha vibarua wakahukumiwa mwaka 1834 na kusafirishwa Australia. Joseph Arch alipoanzisha chama cha vibarua mwaka 1872, wengi waliishi katika nyumba za mwajiri: ukigoma, unapoteza kazi na paa siku moja. Mtu wa namna hiyo akipanda meli kwenda Kanada, mimi siwezi kuita hiyo hiari, hata kama hakuna aliyegusa nyumba yake.

Mleta mada:
Nakubaliana nawe, ndugu, na hoja ya nyumba ya mwajiri inaongeza uzito wa yangu. Mwalimu, ombi moja: kama una hesabu za parokia yoyote ya Norfolk au Dorset, 1841 hadi 1891, tuwekee hapa nyumba zenye watu na zile tupu, kila moja peke yake. Nyumba tupu zikizidi kabla ya 1865, nitaanza kukusikiliza.