Kituo cha watoto wadogo kijijini Micheweni: siku, uji na kusoma tupange vipi?

BintiWaPwani
Assalamu alaykum wadau. Tunaandaa kituo cha watoto 30, miaka 4 hadi 6, kwenye shehia (eneo linaloongozwa na sheha) ya wavuvi na wakulima wa mwani kaskazini Pemba. Skuli ya serikali iko mbali kwa miguu ya mtoto mdogo. Asubuhi watoto wako chuoni, yaani chuo cha Kurani, msimu wa karafuu familia huhamia mashambani, na wengine hufuata wazee wao dago, kambi ya wavuvi. Tunataka mtoto asome, ale, acheze na afya yake iangaliwe, si kukaririshwa herufi tu. Tunalo banda la makuti, mikeka na walimu wawili wa hapa hapa. Tuanzie wapi?

MaalimUbao
Wa alaykum salaam. Anzieni kwa mwalimu wa chuo, kabla hata ya sheha. Gawaneni naye asubuhi: chuo hadi saa 3, kituo saa 3 na nusu hadi saa 6. Mkigongana saa, mzazi atachagua chuo, na kituo kitabaki na mikeka mitupu.

Kusoma sasa. Mtoto wa chuoni si mgeni wa maandishi. Alifu kwa ujiti, hatua ya mwanzo ya kusoma herufi za Kiarabu, keshaipita, na anajua kuwa alama juu au chini ya herufi hubadilisha sauti. Jengeni hapo hapo. Mawili ndiyo yatamkwaza. Mkono wake umezoea kuanzia kulia, kwa hiyo "mama" itatoka "amam"; mchoreeni nukta nyekundu ukingo wa kushoto wa kila mstari mpaka azoee. La pili ni zito zaidi: alama za irabu za Kiarabu, fataha, kasra na dhuma, ni sauti tatu (a, i, u), na irabu za Kiswahili ni tano. Ndiyo maana i na e humchanganya, na u na o vilevile. Wiki tatu za mwanzo wekeni chaki kando, mcheze mchezo wa sikio: pita na peta, tua na toa, lia na lea. Akisikia neno limebadilika, aruke. Ndipo mlete irabu tano, kisha m, t, k, l, n kwa silabi. Dh, th na gh, zinazowasumbua watoto wengi wa bara, hawa wanazo mdomoni tayari.

Na tafadhali, mtoto akisema "nkono" msimkatize. Akiandika "nkono" ameandika alichosikia, sikio lake zima. Mwandikieni "mkono" pembeni, msome pamoja.

Hesabu: kete na kokwa zinatosha. Bao lina mashimo 32 na kete 64, zuri kwa kuhesabu na kungoja zamu, lakini safu yake ni ya nane. Kwa makumi chimbeni mashimo kumi mchangani.

ChunguKikubwa
Uji utolewe watoto wakifika, si wakiondoka. Aliyetoka chuoni na njaa hasikii silabi. Kwa watoto 30: unga wa mahindi kilo 1, choroko zilizokaangwa na kusagwa laini nusu kilo, maji lita 10, sukari robo kilo, tui la nazi mbili. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, la sivyo utapata madonge. Ukianza kutokota, acha dakika 20 ukikoroga, tui litie mwisho lisikatike. Unga wa muhogo usiojua umeandaliwaje uacheni, muhogo mchungu una sumu. Unga nunueni wa wiki mbili tu, kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya chaga. Ukiota ukungu mwageni. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Mikono: kibuyu chirizi, dumu la lita 5 lenye tundu la msumari, kamba na kijiti cha kukanyaga. Kinachokifisha ni dumu tupu, basi mtu wa kulijaza atajwe kwa jina kila siku.

Dawa za minyoo na kichocho ni kazi ya wahudumu wa afya. Waambieni saa ya uji, kwa sababu dawa ya kichocho ikimezwa na tumbo tupu mtoto hutapika, na mama yake atakataa mara ya pili.

MajiKupwa
Fungueni daftari la mahudhurio sambamba na mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hukupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, kina mama wako kwenye mwani, na binti mkubwa hubakishwa nyumbani kulea mdogo. Tengeni kona ya wadogo na mama mmoja wa zamu siku hizo, binti atakuja. Wakati wa karafuu watoto huchambua karafuu kutoka kwenye makonyo (vikonyo vyake) hadi usiku. Punguzeni siku iwe saa moja na nusu, kusoma kwanza. Anayekwenda dago apewe karatasi inayoonesha silabi alizofikia.

Posho ya walimu iamueni leo kwenye kamati, iandikwe nani anatoa na tarehe gani. Elimu bure ilitangazwa Zanzibar 23 Septemba 1964, lakini mwalimu wa kituo cha kijiji anakula kwa mchango wenu. Akiondoka katikati ya mwaka, watoto hurudi kwenye irabu.

BintiWaPwani
Shukran sana. Ijumaa chuo kimefungwa, tutamwendea mwalimu nyumbani kwake. MajiKupwa, kona ya wadogo iwe ndani ya banda hilo hilo au nje?

MajiKupwa
Nje, chini ya mwembe, mama wa zamu awe anawaona wote vizuri. Ndani watalia na silabi hazitasikika.