Kasha "la miaka 150" lina plaiwudi na skrubu za nyota. Huu ni wizi!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja kutafuta kasha la njumu (vile vishaba vya urembo vinavyopigiliwa kwenye mbao) la kumpa binti yangu anayeolewa. Bibi yangu alikuwa nalo, ukifunua tu unapokewa na harufu ya udi na kanga zake. Likauzwa tukiwa wadogo, na hadi leo linaniuma. Kwenye duka moja la Mji Mkongwe muuzaji akaniapia kuwa hili lilikuja na jahazi kutoka Surat, India, miaka 150 iliyopita. Nikatoa milioni mbili na laki mbili.

Nyumbani nikachomoa droo, nikaipindua. Plaiwudi! Kasha la zama za Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar miaka hiyo, lina plaiwudi? Bawaba zimekazwa kwa skrubu za nyota, ambazo zimeanza kuuzwa huko Marekani miaka ya 1930. Nikaleta sumaku, ikanasa kwenye njumu paa! Shaba hainasi sumaku, wakuu. Hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Nikafuta ndani ya kifuniko kwa kitambaa chenye spiriti, weusi wote "wa kale" ukabaki kwenye kitambaa na mbao ikatoka nyeupe.

Kasha la kale la kweli linajieleza lenyewe. Pitisha kiganja upande wa chini wa kifuniko, utahisi mawimbi ya randa ya mkono. Pembeni mbao zimeumana kwa meno yaliyochongwa kwa patasi, na hakuna jino linalolingana kabisa na lenzake. Uchakavu unakuwa pale watu waliposhika: kwenye kitasa, ukingoni, miguuni. Langu limekwaruzwa sawasawa kila mahali, hata mgongoni panapoegemea ukuta. Nani alikuwa anapashika huko miaka yote hiyo?

Sina ugomvi na mafundi. Anayechonga kasha jipya la msaji na kupigilia njumu moja moja kwa mkono anastahili hela yake, na angeniambia ni jipya ningemlipa bei ya jipya bila kinyongo. Ninachokataa ni huu umri wa uongo.

Nimempigia muuzaji, jibu lake: "Mzigo ukishatoka dukani haurudi." Risiti imeandikwa "sanduku 1", umri hakuna. Harusi ni mwezi ujao. Mwenye kujua pa kupeleka malalamiko haya anielekeze, nitavuka tena hata kesho.