Nimeingia 10 bora ya tuzo ya vifaa tiba ila kwenye fomu sina cha kuandika, na bosi anataka jina lake litangulie. Naombeni ushauri

fundi_wa_wodi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo naomba mnivumilie maana hili jambo limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Mimi ni binti wa miaka 27, nina diploma ya uhandisi wa vifaa tiba, niko hospitali moja kanda ya ziwa huu mwaka wa nne. Kazi yangu ni kutengeneza vinavyoharibika, mashine za oksijeni, za kunyonya makohozi, za presha, vitanda, hata feni za wodini wakiniita naenda.

Mwaka juzi usiku niliitwa wodi ya watoto kuangalia mashine ya oksijeni. Nafika nakuta dripu ya mtoto mmoja imeisha zamani, damu imeshaanza kupanda kwenye mpira, mama yake kasinzia kwenye kanga chini ya kitanda, nesi yuko mmoja na watoto zaidi ya 30 na muda huo yuko kitanda cha mwisho kabisa anahangaika na mtoto wa degedege. Sikumlaumu mtu ila ile damu kwenye mpira ilinikaa kichwani.

Nikarudi karakana nikaanza kuchokonoa. Nilichukua mizani mbovu ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, nikatoa kile kichuma cha ndani kinachohisi uzito, nikakiunga na betri ya simu ya zamani na kikengele kidogo. Kinaning'inia kwenye stendi na chupa ya dripu inaning'inia juu yake, maji yakikaribia kuisha taa nyekundu inawaka na kinalia. Basi. Cha sita ndo kilikaa sawa, vitano vya mwanzo vilikuwa vinalia mtoto akijigeuza tu.

Mwaka huu nikatuma maombi kwenye tuzo moja ya wabunifu na watafiti wa tiba na uhandisi, na wiki iliyopita wameniandikia nimeingia 10 bora. Nimelia mwenyewe karakana.

Sasa shida ni mbili. Ya kwanza, kuna fomu ya wasifu, wanataka mafanikio ya kitaaluma, machapisho, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), tuzo za nyuma. Wenzangu tisa nimewaona, kuna daktari bingwa wa moyo ana machapisho zaidi ya 80, kuna mhandisi ana PhD ya nje. Mimi ukurasa wangu una mistari minne. Nawaza nijitoe kabla ya aibu.

Ya pili, mkuu wangu wa kitengo ambaye ni daktari, yeye alinisainia barua ya kuruhusiwa kukijaribu wodini, ameniita anasema jina lake litangulie kama mbunifu mkuu na mimi niwe msaidizi, kwamba majaji wakiona PhD hapo juu watatuheshimu. Ni mtu mzima kwangu, amenisaidia mengi, sijui namkatalia vipi.

Nisaidieni wakuu.

ngosha_wa_magu

Dada mpe tu atangulie. Hapo kazini una miaka mingi mbele, mkubwa akikununia kifaa chako hakitakanyaga wodi yoyote tena. Mkishinda hela mnagawana na wewe umejulikana. Mkono usioweza kuukata ubusu.

mzee_wa_eksirei

Marahaba binti. Ngosha nimekusoma, nakuelewa unakotoka lakini sikubaliani, nitarudi kwako. Kwanza hili la kujitoa.

Mimi nimefanya kazi ya picha za eksirei miaka 31 na mashine ya siti skani, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, naijua kama naijua nyumba yangu. Unajua aliyeitengeneza? Godfrey Hounsfield, Mwingereza, mtoto wa mkulima, vitani alikuwa fundi wa rada kwenye jeshi la anga, na elimu yake ilikuwa DIPLOMA ya uhandisi wa umeme. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alikuwa ameajiriwa EMI, kampuni iliyokuwa inajulikana kwa santuri za muziki. Mashine yake ya kwanza ya majaribio aliijenga juu ya kitako cha mashine ya kuchongea vyuma, yaani kitu kama hicho kilichoko karakana yako, na kupiga picha ya kitu kimoja ilimchukua siku 9. Akaenda buchani kutafuta ubongo wa ng'ombe apate kitu kibichi cha kupimia, anaubeba kwenye usafiri wa abiria anakatiza nao London mpaka maabara. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyehisiwa ana uvimbe kichwani, akalazwa kwenye mashine hospitali ya Atkinson Morley na uvimbe ukaonekana.

Mwaka 1979 akapewa Nobel ya TIBA, yeye fundi umeme. Aliyegawana naye, Allan Cormack wa Afrika Kusini, alikuwa mwanafizikia, na hesabu zake alizianza baada ya kupewa kazi ya muda kwenye hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town mwaka 1956. Alizichapisha 1963 na 1964 na karibu hakuna aliyemjibu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na PhD.

Sasa wewe unataka kujitoa kwa sababu una mistari minne. Hiyo mistari minne ijaze na vitu vilivyotokea. Usiandike "mbunifu mwenye ari", andika ulitengeneza vingapi, vimefungwa wodi gani, vimekaa miezi mingapi, vya mwanzo vilikosea wapi na ulirekebisha nini. Hiyo ya vitano vilivyolia mtoto akijigeuza ni dhahabu, jaji mhandisi akisoma hapo anajua anaongea na mtu aliyeshika kazi.

pendo_wa_chumba_namba_tatu

Mzee umemaliza. Mi niongeze tu kwamba hizi orodha za kuwania sio za kushindia peke yake. Tuzo ya Afrika ya Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, wakikuchagua kwenye wale wa mchujo unapata mafunzo ya miezi 8, biashara, kuongea mbele ya watu, mambo ya hataza, na hiyo wanapata wote hata wasioshinda. Mshindi wa kwanza kabisa 2015 alikuwa Mtanzania mwenzetu Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, na chujio lake la maji. 2018 Brian Gitta wa Uganda alishinda akiwa na miaka 24 na kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, akakiita Matibabu, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Wazo lilimjia akiwa anaumwa yeye mwenyewe, vipimo vya damu vinarudia rudia haonekani na malaria. 2022 Norah Magero wa Kenya, friji ya chanjo ya sola inayobebeka. Hawa wote walianza na shida waliyoiona kwa macho kama wewe na ile damu kwenye mpira.

Kwa hiyo tuzo yako nayo waulize, kuna mafunzo? kuna mtu wa kukushika mkono? Hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko hela.

sista_wa_zamu_ya_usiku

Dada yangu hongera sana, mimi ni nesi na hiyo hali ya dripu ya usiku naijua vizuri, umenigusa. Ila nina swali. Nani alikwambia kilie maji YAKIKARIBIA kuisha? Maana fundi peke yake angekifanya kilie yakiisha. Na nani alikuwa anakuandikia kimelia bure saa ngapi na saa ngapi? Wewe usiku hulali wodini.

fundi_wa_wodi

Sista swali lako limenipiga. Ni kweli. Kuna nesi mmoja wa ile wodi, cha kwanza nilikifanya kilie dripu ikiisha kabisa, akaniambia "mwanangu kikilia hapo mimi nitakuwa nimeshachelewa, nipe dakika kumi za kutembea". Na yeye ndo alikuwa na daftari la kaunta, nyuma kabisa anachora mistari, kila kikilia bure anaandika saa na kitanda. Miezi minne. Bila lile daftari nisingejua kwamba shida ni watoto kujigeuza.

Nimefungua fomu sasa hivi nimeangalia. Jina lake halipo popote. Nimeandika "kwa ushirikiano na wauguzi".

sista_wa_zamu_ya_usiku

Basi anzia hapo mdogo wangu. Sikulaumu, ila "wauguzi" sio jina la mtu.

mhadhiri_mstaafu

Nimekaa kwenye kamati za kuchagua watu wa tuzo, nataka kusema mawili matatu.

Kwanza neno kuteuliwa lisikutishe wala lisikulevye. Kuna watu wanajitambulisha "nimependekezwa Nobel" wakati kanuni za Nobel zinafunga majina ya waliopendekezwa kwa miaka 50. Cha kwako ni tofauti, umechujwa na orodha imetangazwa, kiandike hivyo hivyo na mwaka wake: "mmoja wa 10 wa mwisho". Usiongeze neno.

Pili, suala la majina ndo limeharibu mioyo ya watafiti wengi kuliko kukosa fedha. Mwaka 2003 Nobel ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku, ilipewa Paul Lauterbur na Peter Mansfield. Raymond Damadian, daktari aliyekuwa amefanya kazi hiyo hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, akaachwa, akalipia kurasa nzima za magazeti ya Marekani kulalamika. Mpaka leo watu wanabishana. Na hii dawa ya mseto tunayomeza wote tukiugua malaria, asili yake ni kazi ya Tu Youyou wa China na wenzake. Yeye naye hana PhD. Aligundua kwenye kitabu cha kale kwamba ule mmea unaotoa dawa haukuchemshwa, akatambua moto ndo unaua nguvu ya dawa, na 1972 akaanza kuinywa mwenyewe kabla ya wagonjwa. Lakini matokeo yalipochapishwa 1977 hayakuwa na jina la mtu, ilikuwa kazi ya kundi. Nobel imemfikia 2015 akiwa na miaka 84, na hata hapo kukawa na ubishi nani alifanya nini. Yote hiyo ni kwa sababu mwanzoni hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo usiende kwa daktari wako kumkatalia. Nenda na karatasi. Andika nani aliona tatizo, nani alitengeneza, nani aliweka kumbukumbu, nani alitoa kibali na kusimamia usalama wa wagonjwa. Hiyo ya mwisho ni kazi halali ya kwake na ni heshima, isiwe ndogo. Mwambie "mzee nimeandika mchango wa kila mmoja, naomba uniangalizie kama nimekosea". Mtu mzima akiona jina lake limewekwa mahali pa kweli mara nyingi hoja inaisha. Na Ngosha, usipoandika leo, mkishinda ndo itakuwa mbaya zaidi.

Tatu na hili ni la haraka. Kabla hujapanda jukwaani kuonyesha watu jinsi kinavyofanya kazi, nenda BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na hataza, ukaulize hataza, maana ukishakianika hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nao wana watu wa kusaidia wabunifu. Na jiandae kuulizwa kibali cha utafiti kwa wagonjwa na habari ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, maana hicho ni kifaa tiba.

ngosha_wa_magu

Mhadhiri nimekuelewa, hiyo ya karatasi sikuifikiria. Nafuta ushauri wangu dada.

fundi_wa_wodi

Wakuu nimerudi, zimepita siku nne.

Nilianza na yule mama nesi. Nilipomwambia jina lake linaingia kwenye fomu alinyamaza, afu akaenda kwenye droo akatoa lile daftari, kona imeliwa na panya, akanipa akasema lisije likapotea. Nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, ni kurasa 23.

Kwa daktari nilienda na karatasi kama alivyosema mhadhiri. Alisoma muda mrefu. Akauliza kwa nini nesi yupo juu yake, nikamwambia mzee nimepanga kwa jinsi mambo yalivyofuatana, yeye ndo aliyekuwepo kabla yako. Hakufurahi, siwezi kuwadanganya. Ila alichukua kalamu akafuta mahali nilipoandika "alitoa kibali" akaandika "alisimamia usalama wa wagonjwa wakati wa majaribio", akasaini. Wote watatu tumesaini, kila mtu ana nakala.

Wasifu wangu sasa ni ukurasa mmoja na nusu na hakuna neno la uongo. Sijitoi. BRELA nimeshawasiliana nao wamenielekeza pa kuanzia, na waandaaji wamesema mafunzo yapo kwa wote 10.

Mzee wa eksirei, ile habari ya ubongo wa ng'ombe nimemsimulia mama nesi, akasema na sisi tungepata chupa za dripu zilizopita muda tujaribie kwa wingi tusisubiri wagonjwa. Kesho naenda stoo ya dawa kuziomba.